Kiingereza cha wagumu: shajara ya mradi wetu wa masika, Moshi

Mwisho wa Machi, Majengo

Mvua imeshika na mlima Kilimanjaro umefunikwa tangu juzi. Wageni wamekatika kama ilivyo kila masika. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wengi wamerudi mashambani Kibosho, Marangu na Rombo kupalilia, na waliobaki mjini wanashinda kwenye drafti. Safari hii tumekubaliana kwamba miezi hii miwili na kitu, kabla tripu hazijarudi Juni, tuitumie kunyoosha Kiingereza. Tuko sita: wagumu watatu, mpishi wa mlimani, dada anayekaa mapokezi ya hosteli moja hapa mjini, na mimi gaidi msaidizi (gaidi kwetu ni mwongoza wageni mlimani).

Lengo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi ili mtu asije akalipindisha baadaye: msimu ukianza, kila mmoja aweze kumuuliza mgeni hali yake na kuelewa anachojibiwa, na aweze kusimulia siku moja ya safari bila kukariri. Kuongea yai hakumo. Kijana wa Rombo alitaka tuongeze lafudhi ya Kimarekani, tukamwambia akajifunze mwenyewe kwa bando lake.

Karibu wote tumemaliza kidato cha nne, kwa hiyo hakuna anayeanzia sifuri. Ila Kiingereza chetu ni kile cha kuvuka mto ghafla. Shule ya msingi yote Kiswahili, halafu kidato cha kwanza, Januari, biolojia na historia na jiografia vyote vinakuja kwa kimombo, na kinga pekee ni kunakili notisi. Mtu anaweza kukuandikia maana ya usanisinuru bila kukosea herufi, lakini akashindwa kumuuliza mgeni kama amelala vizuri. Na tulipofanya mazoezi shuleni, tulifanya ya kujibu. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu. Kuuliza hakukuwa kazi yetu.

Sheria ya kikao ni moja tu: kuchapia ruksa, kucheka marufuku. Anayecheka ananunua maandazi ya kikao kinachofuata. Najua watu wanadhani tatizo la Kiingereza nchini ni sarufi. Mimi nadhani nusu yake ni kicheko.

Aprili, wiki ya kwanza

Mmoja wa wagumu amekuja na daftari la maneno aliyoyanakili kutoka kamusi ya maktaba ya mkoa, kuanzia A. Amefika katikati ya B. Kazi kubwa, mwandiko mzuri, na ndani yake kuna maneno ambayo hata mgeni kutoka London atalazimika kufikiri kidogo. Sikutaka kumvunja moyo, lakini kamusi haijapangwa kwa umuhimu, imepangwa kwa alfabeti. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi, na mpaka leo walimu wa lugha wanarudia hoja ileile: anza na yanayorudi kila siku. Orodha za namna hiyo zinapatikana bure mtandaoni. Tumechapisha moja steshenari, tukafuta tunayoyajua, tukakuta yaliyobaki si ya kutisha hata kidogo.

Juu ya hayo tumeongeza ya kazi yetu: kamba ya hema, gaita za kukinga miguu, soli iliyobanduka, lengelenge, ganzi, kichefuchefu, maji yaliyochemshwa. Dada wa hosteli ameleta yake: neti, soketi, kufulia, amana, kuondoka kabla ya saa nne.

Kadi tumezikata kutoka maboksi ya biskuti. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza, kamwe si neno peke yake. Tumeiga utaratibu wa Sebastian Leitner, mwandishi wa habari wa Kijerumani aliyeueleza miaka ya 1970. Kadi unayoijua inahamia kisanduku kinachofuata, kile kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Unayoikosa inarudi kisanduku cha kwanza, cha kila siku. Kwa hiyo muda unakwenda kwa yale yanayokushinda. Mpishi ametumia trei tupu za mayai badala ya visanduku na zinafanya kazi vizuri kuliko zetu.

Aprili, katikati

Matamshi. Hapa tumekaa vikao kadhaa na sijutii.

Kiswahili kina irabu tano na kila moja inasomeka inavyoandikwa. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, zote zimebanwa kwenye herufi zilezile chache. Ndiyo maana kwetu meli na kondoo, kwa Kiingereza “ship” na “sheep,” vinatoka mdomoni sawa. Hili linachukua muda na sijaona njia ya mkato zaidi ya kusikiliza jozi za maneno yanayofanana na kuziiga, mmoja anatamka na mwenzake anaonyesha kidole neno alilosikia. Mzaha mwingi, maandazi mengi.

Sauti inayosemwa kuwa ngumu kuliko zote, ile ya ulimi katikati ya meno, sisi tunayo tayari. Ipo kwenye thamani na thelathini, na dada yake ipo kwenye dhahabu. Kijana anayesema “samani ya zahabu” na Kiingereza chake kitakuwa hivyohivyo. Basi tukarekebisha Kiswahili kwanza. Dada wa hosteli, ambaye mama yake ni wa Tanga, amefurahi sana siku hiyo. Muda wote huu alikuwa anatuvumilia.

Kilichotuumiza zaidi ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu neno lolote, siku yoyote, huna haja ya kuwaza. Kiingereza kinauhamisha, na mkazo ukikaa vibaya mgeni haelewi hata kama kila herufi umeitamka. Mfano unaotugusa mfukoni ni namba: 13 na 30, 15 na 50. Mgeni anasema tupumzike dakika 15, mgumu anasikia 50, anatua mzigo, anafungua ndala. Au kinyume chake kwenye dola. Wenyewe wanazitofautisha zaidi kwa mkazo kuliko kwa ile konsonanti ya mwisho, na kwenye upepo wa kambi ya Shira konsonanti ya mwisho haifiki. Tumekubaliana kurudia namba yoyote tarakimu kwa tarakimu, moja-tano au tano-sifuri, kama wanavyofanya watu wa redio za upepo. Mgeni hajawahi kuchukia kuulizwa hivyo.

Aprili, mwisho

Mvua. Umeme hakuna, njia ya Pasua imejaa maji. Hakuna kikao. Kadi zangu zimelowa.

Mei, wiki ya kwanza

Leo amekuja mzee mmoja, gaidi mkuu mstaafu, aliyepanda mlima tangu enzi za mabuti ya jeshi. Tulimwomba aje atusikilize tu. Baada ya shikamoo zote na chai, tukamfanyia onyesho: mmoja mgeni, mwingine gaidi, asubuhi kambini Barranco. Gaidi wetu akauliza kwa Kiingereza safi kabisa, “Huumwi kichwa?” Mgeni wetu akajibu “No.” Gaidi akatabasamu, wakaendelea.

Mzee akainua mkono. “Kijana, amekujibu nini?”

“Amesema haumwi, mzee.”

“Una hakika?”

Tukaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Ukimuuliza Mswahili “Huumwi kichwa?”, naye haumwi, atajibu “Ndiyo, siumwi,” au “Ee.” Anakubaliana na maneno yako. Mwingereza ambaye haumwi atajibu “No,” kwa sababu yeye anajibu hali ya kichwa chake, haangalii sentensi yako ilikujaje. Sasa, sikio la Kiswahili likisikia “No” kwa swali hilo linaweza kuelewa: hapana, si kweli, naumwa. Na “Yes” ndiyo mbaya zaidi: Mwingereza anamaanisha anaumwa, sisi tunasikia haumwi. Mgeni wa Japani naye hujibu kwa mtindo wetu. Yaani kwenye kundi moja la wageni, jibu moja linaweza kuwa na maana mbili, na huko juu kuumwa kichwa si jambo la adabu, ni dalili.

“Swali la kukanusha,” mzee akasema, “usilipandishe mlimani. Liache getini.”

Akatupa na sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Swali kama “Uko sawa?” au “Huumwi, eti?” limeshambebea mgeni jibu. Amelipa dola maelfu, amewaaga ndugu zake, hataki kushushwa. Ukimpa mlango wa kusema yuko sawa, ataupita. Kwa hiyo swali lazima limlazimishe kueleza. Kichwa kikoje? Toka jana kimezidi au kimepungua? Umekula nini asubuhi, na umekimaliza? Umekwenda haja ndogo mara ngapi tangu jana?

Tukatoa ule utaratibu wa alama wa Lake Louise, wa kupima ugonjwa wa mwinuko, ambao magaidi wengi wanaujua kwa fomu tu. Dalili ni nne tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2018: kichwa, tumbo na kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu. Kila moja mgeni anaipa mwenyewe alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwemo, baada ya kupanda, huo unahesabiwa kuwa ugonjwa wa mwinuko. Uzuri wake kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba jibu ni namba. Huhitaji kuelewa lafudhi ya Glasgow ili kuelewa “2,” na kama huna hakika anaonyesha vidole. Usingizi uliondolewa kwenye hesabu hiyo 2018 kwa sababu watu hulala vibaya huko juu hata wasipougua, lakini mzee anasema yeye bado anauliza, maana ni swali rahisi la kufungulia mazungumzo.

Tukaongeza zoezi la kumwamuru mgeni, si kumuuliza: tembea kwenye mstari huu, kisigino kiguse ncha ya kiatu cha nyuma. Anayeyumba hapo huhitaji Kiingereza chake tena. Unahitaji kushuka naye.

Kabla ya kuondoka mzee akatupa mtego mwingine: “can” na “can't.” Wote tulikuwa tunawinda ile t ya mwisho. Wamarekani wengi hawaiachii, inabaki kooni. Kinachotofautisha ni uzito. Mgeni anayeweza kutembea anakimeza kile kitenzi kidogo, karibu hakisikiki, na nguvu inaangukia kwenye kutembea. Asiyeweza anakitamka kwa nguvu zote. Tulirudia rekodi moja kwenye simu mpaka tukaanza kuisikia. Na kwa kuwa sikio linadanganya, kanuni ni ileile ya namba: rudisha swali, taja yote mawili, achague.

Nimeandika ukurasa huu mrefu kwa sababu kikao hiki kimebadili mpango mzima. Tangu leo nusu ya muda ni maswali.

Mei, mwisho

Usimulizi. Tumetumia zoezi ambalo walimu wa lugha wanaliita nne-tatu-mbili. Lilibuniwa miaka ya 1980, na Paul Nation wa New Zealand amelieneza sana. Unasimulia jambo moja kwa dakika nne, halafu unambadilisha msikilizaji na kulisimulia tena kwa tatu, halafu kwa mbili. Mara ya kwanza unatafuta maneno. Mara ya tatu unayo, na ulimi unakimbia bila wewe kutafsiri kichwani.

Jambo la kusimulia tulichagua siku ya tatu ya njia ya Machame, kwa sababu ndiyo siku wageni wanayolalamikia. Wanatoka Shira, karibu mita 3,800, wanapanda mpaka Lava Tower mita 4,600, wanakula, halafu wanashushwa tena Barranco, karibu 3,900. Mgeni anauliza, kwa nini tumepanda ili tushuke? Mgumu anayeweza kueleza kwa utulivu kwamba mwili unapelekwa juu kuonja hewa nyepesi na kuteremshwa kulala, ili damu ijizoeshe, anakuwa ameshageuka gaidi machoni pa mgeni. Kijana wa Rombo, aliyekuwa hasemi kitu tangu Machi, ndiye aliyelieleza vizuri kuliko wote. Aliongeza na seneshio, ile mimea mikubwa ya Barranco inayovaa majani yake makavu kama koti dhidi ya baridi ya usiku. Dakika mbili na hakuvuta pumzi.

Kusikiliza kunakwenda polepole. BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 vipindi vyake vya Kiingereza rahisi, msamiati wa maneno yapatayo 1,500 yakisomwa taratibu. Rekodi za namna hiyo tunazipakua usiku bando linapokuwa rahisi, tunagawana kwa bluetooth. Zinasaidia, ila nina shaka moja: mgeni hasomi taratibu. Dada wa hosteli ana bahati, anasikia lafudhi mpya kila asubuhi, na amegundua kitu ambacho sote tumekithibitisha. Mholanzi au Mjerumani anaeleweka upesi kuliko Mskoti, kwa sababu na yeye alijifunza lugha hii shuleni na hatumii misemo mingi. Wageni wa aina hiyo si wachache. Wanaojifunza Kiingereza kwa ajili ya Waingereza tu wanajipa kazi ya ziada.

Juni, katikati

Tripu zimeanza kurudi. Wawili wamepanda, mmoja kwa njia ya Lemosho na mwingine kwa njia ya Marangu, kwa hiyo vikao vimekuwa vya watu wanne, wakati mwingine watatu.

Habari za Lemosho: mgumu wetu aliombwa na gaidi wake akae na mgeni aliyebaki nyuma. Aliuliza maswali ya kadi yote, akapata alama 4, akampasha gaidi kwa redio. Mgeni akashushwa kambi moja, akalala, kesho yake akaendelea. Haikuwa ajabu, ndivyo inavyotakiwa kuwa, lakini mpaka mwaka jana mgumu yule angebeba begi la mgeni na kunyamaza.

Habari za Marangu si nzuri sana. Nafsi ya tatu inamsumbua: mke wa mgeni anageuka mwanamume kila sentensi ya pili, kwa sababu kwetu “yeye” haina jinsia na ulimi haujazoea kuchagua. Wageni wanaelewa na hawajali. Mimi nimemwambia asipoteze usingizi kwa hilo.

Linalopoteza usingizi kweli ni saa. Hosteli moja ya jirani ilimwambia mgeni gari lingekuja “saa moja,” ikatafsiriwa neno kwa neno, mgeni akashuka na mabegi usiku wa manane. Kila Mtanzania anajua kuongeza au kupunguza sita, lakini ukiwa umechoka ulimi unakwenda na saa ya Kiswahili. Dada wetu amelimaliza kwa namna yake. Ana ubao mdogo mapokezi wenye saa iliyochorwa, anasogeza mishale mbele ya mgeni na kuongeza asubuhi au usiku. Mlimani tunaonyesha saa ya mkononi. Usiku wa samiti, yaani wa kupanda kileleni, watu wakiondoka kambi ya Barafu saa sita, hakuna anayetaka ubishi wa hesabu.

Julai

Msimu umechachamaa na kikundi kinakutana kwa voisi za WhatsApp tu. Kila anayeshuka anatuma dakika mbili za usimulizi kwa Kiingereza, wengine wanamjibu kwa maswali. Mpishi anatuma ndefu kuliko ruksa lakini hakuna anayemkatiza, maana yeye ndiye amepiga hatua kuliko sisi.

Yeye alichukua lile somo la mzee akalipeleka jikoni. Zamani getini alikuwa anauliza, “Unakula kila kitu?” na wageni wote, kwa adabu, walikuwa wanakubali. Siku ya pili ndipo inajulikana huyu hali nyama na yule akila karanga anavimba. Sasa anauliza chakula gani kimewahi kumfanya mtu augue, na nini kilimpata. Kisha anamtaka mgeni amwandikie kwenye daftari lake kwa herufi kubwa. Wiki iliyopita, katika kundi moja tu, alipata mmoja wa karanga na mmoja wa maziwa, na uji wa karanga wa asubuhi ukaondolewa kabla mizigo haijapimwa.

Kisanduku changu cha kwanza bado kimejaa. Yaliyogoma ni yale ya vitenzi vyenye vijineno nyuma yake, ambavyo kila mgeni anavitumia na hakuna kitabu kinachovieleza vikaeleweka. Nimeacha kuviorodhesha. Navisubiri nivisikie kwa mgeni, nanakili sentensi yake yote, na siku, na kambi.

Vuli ya Novemba tutarudi mezani. Dada anataka tufanye Kiingereza cha simu, ambako huoni mdomo wala vidole vya mtu. Mgumu wa Lemosho anataka kuandika ripoti ya tukio, kwa kuwa sasa gaidi wake anamtaka aandike. Kijana wa Rombo ameulizia masharti ya kozi ya ugaidi wa mlima, na mzee amekubali kumfanyia mtihani wa mdomo nyumbani kwake, mradi aje na sukari.